Kukodi, mkataba au karadha: karatasi tatu za kirikuu moja

Jumapili jioni jirani yangu alibisha hodi akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Anasambaza mikate na maandazi kwenye maduka ya Kimara na Mbezi, Dar es Salaam, na kwa miaka mitatu amekuwa akipeleka mzigo kwa bajaji. Sasa oda zimeizidi bajaji. Akamwaga karatasi tatu mezani, zote za gari la aina moja: kirikuu ya kufunika, ile Suzuki ndogo yenye bodi iliyofungwa nyuma ili mvua isiguse mkate. Juu ya kila karatasi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu neno lile lile: "kukodi".

"Kaka, hebu niangalizie. Hii ya katikati ndiyo nafuu, si ndiyo? Kwa mwezi laki saba tu."

Nilizisoma huku chai ikipoa. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa daftari: mwenye gari mmoja wa Ubungo anataka elfu hamsini kwa siku, bila dereva, mafuta juu yako. Ya pili ilitoka yadi ya magari: kianzio milioni tano, halafu laki saba kila mwezi kwa miezi 20. Ya tatu ilikuwa ya taasisi ya fedha, kurasa kumi na moja, kianzio hicho hicho cha milioni tano, kisha laki tisa na elfu arobaini na sita kwa miezi 12. Kwenye kichwa chake imeandikwa "Mkataba wa Karadha". Kukodi kwenyewe hasa kulikuwa kwenye karatasi moja tu, ile ya daftari.

Si yeye peke yake aliyechanganyikiwa. Tangu matangazo ya "ondoka na gari leo, lipa kidogo kidogo" yajae kwenye simu zetu, watu wanazungumzia mambo matatu tofauti kwa neno moja. Na lugha yenyewe inatutega. Kukodi ni kuchukua cha mtu kwa malipo na kukodisha ni kukitoa, lakini mtaani mtu aliyechukua gari naye husema "nimekodisha". Kukodi na kukopa zinatofautiana kwa herufi mbili tu za mwisho. Ongeza hapo neno kodi, ambalo mwezi mmoja unampa mwenye nyumba na mwezi mwingine unaipelekea TRA, uone kwa nini mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuweka sahihi asichokijua.

Tuanze na kilicho rahisi. Kukodi gari ni kama kupanga chumba. Unalipa, unatumia, unaondoka. Paa likivuja, mwenye nyumba ndiye anayepanda juu. Injini ikigonga, mwenye gari ndiye anayemwita fundi, mradi hukuiua wewe. Kila kukicha gari linachakaa na thamani yake inashuka, na uchakavu huo ni wake. Wewe huna chako pale isipokuwa mkate ulio ndani. Ukiona haikulipi, unarudisha ufunguo na mmeachana.

Karatasi ya pili Watanzania wengi wanaijua bila kujua kwamba wanaijua, kwa sababu ndiyo ile "mkataba" ya bodaboda. Kijana anapewa pikipiki na tajiri, analeta hesabu kila siku kwa mwaka au zaidi, na siku ya mwisho pikipiki inakuwa yake. Mpaka siku hiyo kadi ya umiliki inakaa kwa tajiri. Service ni ya kijana, pancha ni ya kijana, na akikosa hesabu siku kadhaa mfululizo, chombo kinarudi kwa tajiri. Alicholipa huko nyuma? Hapo ndipo ugomvi wa vijiweni unapozaliwa: kijana anaona ameshanunua robo tatu ya pikipiki, tajiri anaona kijana alikuwa anamlipa kwa kuitumia. Wote wawili wana hoja, kwa sababu mkataba wa namna hii kwa kweli ni vitu viwili vilivyoshonwa pamoja. Unakodi kila siku, na wakati huo huo unanunua kidogo kidogo. Yadi ya magari inafanya hivyo hivyo, ila kwa muhuri na risiti.

Sasa karadha. Neno ni la zamani, limetokana na Kiarabu, na watu wazima wataikumbuka Kampuni ya Karadha, ya umma, iliyokuwa ikikopesha magari. Siku hizi Benki Kuu inalitumia neno hilo kwa mpango wenye sheria yake ya mwaka 2008. Unafanya kazi hivi. Wewe ndiye unayelichagua gari: unakwenda yadi, unalikagua, unapatana bei. Kisha taasisi ya fedha inalinunua kwa muuzaji, linakuwa mali yake kisheria, na inakukabidhi ulitumie kwa muda uliokubaliwa huku ukilipa kila mwezi. Mwisho wa muda, mara nyingi kwa kiasi kidogo cha kumalizia kilichoandikwa tangu mwanzo, umiliki unahamia kwako.

Mtu atauliza, hiyo na mkopo wa benki ni ndugu, tofauti iko wapi? Iko kwenye dhamana. Mkopo wa kawaida unakuuliza hati ya nyumba. Karadha inaliegemea gari lenyewe, kwa kuwa gari ni lao hadi umalize. Kwa mtu asiye na hati hiyo si tofauti ndogo. Dk. Victoria Kisyombe, daktari wa mifugo, aliijenga kampuni ya karadha ya SELFINA mwaka 2002 juu ya wazo hilo: wanawake, wajane wengi miongoni mwao, ambao ardhi na nyumba hazikuwa kwa majina yao, waweze kupata cherehani, jokofu, ng'ombe wa maziwa au pikipiki kwa karadha, kifaa chenyewe kikiwa ndiyo dhamana. Jirani yangu anaishi nyumba ya kupanga. Karatasi ya tatu ilikuwa mlango pekee wa taasisi rasmi uliokuwa wazi kwake, naye alikuwa ameiweka chini kabisa ya bahasha.

Ila sikiliza mtego wake. Kwenye karadha taasisi ni mmiliki wa jina, lakini mzigo wa umiliki unabebwa na wewe. Gari mmelichagua wewe na macho yako. Gia ikikataa mwezi wa pili, huwezi kuwapigia simu kama unavyompigia mwenye nyumba. Marejesho yanaendelea gari likiwa barabarani au likiwa juu ya mawe gereji. Hapa ndipo wengi wanapoumia: wanasoma "ukodishaji" kwenye karatasi, wanadhani ni ile ya chumba.

Wanaofuata taratibu za Kiislamu wana ijara, ukodishaji wa kwao, na inafaa kuitaja kwa sababu swali la nani anabeba mzigo wa gari limejibiwa ndani yake. Katika ijara anayekodisha ndiye mmiliki, kwa hiyo gari likiteketea bila kosa lako, kodi inakoma, maana hakuna tena kitu unachokitumia. Kwenye baadhi ya karadha deni halikomi.

Turudi kwenye laki saba, maana hapo ndipo jirani yangu alipokuwa amekazia macho. Gari ni milioni 15. Kianzio milioni 5, inabaki milioni 10. Yadi inasema riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na taasisi ya fedha nayo inasema asilimia 2 kwa mwezi. Zinafanana? Hazifanani hata kidogo.

Yadi inapiga asilimia 2 juu ya milioni 10 zote, kila mwezi, mpaka mwezi wa 20. Hiyo ni laki mbili mara 20, sawa na milioni 4. Jumla unalipa milioni 14, ndiyo hiyo laki saba kwa mwezi. Sasa angalia mwezi wa 19: umeshalipa karibu deni lote, lakini bado unatozwa riba kana kwamba hujapunguza hata shilingi. Ni kama kuazima magunia kumi ya unga, ukarudisha tisa, na jirani akaendelea kukudai kitumbua cha shukrani kwa magunia yote kumi.

Taasisi inapiga asilimia 2 juu ya salio linalopungua. Unavyolipa, riba inashuka. Kwa miezi 12 unalipa takribani 946,000 kwa mwezi, jumla milioni 11.35. Mwezi unakubana zaidi, lakini mwisho wa safari umelipa pungufu kwa milioni 2.65. Na kama wangekubali miezi 20 kama yadi, rejesho lingekuwa takribani 612,000 na jumla kama milioni 12.23. Riba ya "asilimia 2" ya yadi, ukiigeuza iwe ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 3.4. Kwa hiyo ukitajiwa riba, swali la kwanza ni: inapigwa juu ya nini? Hilo ndilo litakaloonyesha kama mnazungumzia kitu kimoja.

Kuna gharama nyingine zinazojificha nyuma ya rejesho: ada ya kuandaa mkataba, bima kubwa, kifaa cha GPS wanachokifunga chini ya dashibodi ili gari likienda mikoani wakuone, na kile kiasi cha kumalizia. Omba ziandikwe zote kwenye karatasi moja, ujumlishe mwenyewe. Anayekataa kukuandikia jumla amekwisha kukujibu.

Baada ya hesabu hiyo jirani yangu akasema kile kinachosemwa na kila mtu: "Bora hata hiyo ya yadi, mwisho gari ni langu. Kukodi ni kutupa hela."

Nikamuuliza mzigo mkubwa anao siku ngapi kwa wiki. Tatu: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Siku nyingine bajaji inatosha. Basi kukodi kwa elfu hamsini ni kama siku 13 kwa mwezi, laki sita na nusu. Kwa miezi 20 ni milioni 13, na mwisho hana gari. Kwa yadi, miezi hiyo hiyo 20, atakuwa ametoa kianzio milioni 5 na marejesho milioni 14, jumla 19. Tuweke bima milioni moja kwa muda wote huo, na service, tairi na fundi laki moja kwa mwezi, milioni 2. Zinakuwa 22. Gari analo, lakini limefanya kazi ya mikate karibu miaka miwili; tuseme litauzika milioni 9. Toa 9 kwenye 22, unabaki na 13. Milioni 13 zile zile! Karadha ingepunguza hapo milioni 2.65, ila rejesho lake la mwezi linambana zaidi. Mafuta sijayaweka kwa sababu anayanunua kote kote.

Hesabu hii ni ya kwake, na kwa namba nilizokadiria. Angekuwa na mzigo siku sita kwa wiki, kukodi kungemla milioni 26 na ningemwambia akimbilie kumiliki asubuhi na mapema. Lakini kwa siku tatu pesa ya kukodi na ya yadi inalingana, kwa hiyo kinachopimwa si pesa tena. Kinachopimwa ni nani analala usingizi gari likikataa kuwaka Alhamisi alfajiri. Akiwa amekodi, anampigia mwenye gari wa Ubungo na kukodi jingine. Akiwa kwenye mkataba, mkate unachacha na rejesho linamsubiri.

Na magari haya yanakataa kuwaka, tena kwa kosa letu. Zunguka nyuma ya kirikuu yoyote iliyoingia kutoka Japan ikiwa bado na stika zake. Karibu na taa utaona maandishi ya Kijapani na mbele yake 350 kg. Huo ndio uzito wa mzigo inaoruhusiwa kubeba kwao, injini ya cc 660, gari lisilozidi urefu wa mita 3.40. Simama Kariakoo saa kumi na moja alfajiri uone hiyo 350 imefikishwa wapi: magunia ya viazi hadi juu, matairi ya nyuma yamefunguka kama miguu ya mbuzi aliyelemewa. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko saba umeshamaliza haki yako. Mkate ni mwepesi, nafasi inajaa kabla ya uzito, ndiyo maana kwake kirikuu inafaa. Kwa mtu wa saruji au maji ya chupa ningesema aangalie Toyota Townace, inayobeba kama mara mbili. Kwenye mikataba mingi kuna kipengele kinachokuhesabia kosa ukizidisha uzito, na fundi wa kampuni akikuta springi zimevunjika hatauliza alikuwa nani dereva wa siku ile.

Kuna imani nyingine zinazunguka vijiweni. Moja ni kwamba ukishalipa nusu, hawawezi kulichukua gari. Anayekuambia hivyo mwombe akuonyeshe kipengele. Kenya sheria yao ya kununua kwa awamu, Sura ya 507, inamkataza mwenye mali kulichukua bila kwenda mahakamani mteja akishalipa theluthi mbili ya bei. Lakini sheria hiyo hiyo haimlindi mteja aliye kampuni, kwa hiyo mfanyabiashara wa Mombasa aliyejisajili kampuni ili aonekane mkubwa amejitoa mwenyewe kwenye mwavuli huo. Kwa karadha ya hapa kwetu, kinachotangulia ni karatasi uliyosaini: unapewa siku ngapi ukichelewa, nani anathibitisha bei gari likiuzwa, na kama limeuzwa kwa zaidi ya deni, chenji inarudi kwa nani.

Nyingine ni kwamba gari likiibiwa, deni nalo limeondoka. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako hailigusi. Ndiyo sababu taasisi zinalazimisha bima kubwa na kutaka zilipwe wao kwanza. Hata hivyo bima inalipa thamani ya gari la siku ile, na ukiwa umelichukua kwa riba nzito, deni linaweza kuwa kubwa kuliko thamani. Pengo hilo ni lako. Na hakikisha bima yenyewe ni ya biashara. Gari lenye namba ya njano na bima ya matumizi binafsi, likikutwa kwenye ajali limejaa bidhaa, linampa mtu wa bima sababu nzuri ya kukunja faili. Ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, kuna na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mkataba useme ni nani anayeishughulikia, maana askari barabarani anamsimamisha dereva, si mmiliki.

Ya kodi nitaipita haraka kwa sababu biashara ya jirani yangu haijasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Aliyesajiliwa ajue tu kwamba sheria inatofautisha gari la mizigo na gari la abiria: VAT uliyolipa ukinunua Noah kwa kawaida hairudishwi hata kama umetoa viti na kuijaza mikate, isipokuwa kwa biashara kama za kuuza au kukodisha magari hayo. Hapo mweleze mhasibu kabla ya kununua, si baada.

Hatukuamua kitu Jumapili ile. Jumatatu mchana alimpigia kijana wa yadi mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika, na kumuuliza jambo moja: "Mdogo wangu, nikikurudishia gari mwezi wa sita kwa sababu biashara imekwama, mnanirudishia nini?"

Kimya kidogo. "Dada, wewe usiwaze mambo ya kurudisha. Gari hili ni lako, sisi tunakusindikiza tu."

"Kadi inakaa kwa nani?"

"Kadi inakaa ofisini, dada. Ni utaratibu."

Akamshukuru, akakata. Kisha akalifungua daftari, akatafuta namba ya yule wa Ubungo, na nilimwacha akibembeleza Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ziwe elfu arobaini na tano.